Jumanne Ambayo Juliana Alikuwa Mahali Pawili

Nimeshasema mara tatu kwamba sitaki. Jumuiya yetu ya hapa Kihesa imeamua kila mzee aandike habari za maisha ya mtu mmoja, zikusanywe, zichapwe, wajukuu wasome. Nikawaambia mimi shule niliiacha darasa la tatu, mkono wangu umezoea jembe na mwiko, kalamu inaniuma vidole. Wakasema basi bibi, wewe sema, sisi tutakuandikia. Hapo ndipo waliponiudhi. Habari yangu siandikiwi na mtu. Nikachukua kalamu. Wakasema tena, andika ya mtu mwema aliyefanikiwa. Nitaandika ya mtu mwema. Hilo la pili watafute wengine.

Mtu mwenyewe ni Juliana, mtoto wa marehemu dada yangu Frida. Namwandika kama mtu, si kama mwanangu, ili asiseme mtu kwamba nimempaka mafuta.

Juliana alizaliwa Ubaruku, kifungua mimba. Mama yake alikuwa mwanamke wa kupandikiza mpunga kwenye majaruba ya watu, mgongo umeinama kutwa, na mtoto amelazwa kwenye kanga juu ya tuta, anapigwa na inzi. Hakutaka mtoto huyo arithi mgongo wake. Akampeleka kwetu huku Iringa, akasoma Tosamaganga, halafu akaenda Mbeya mjini kujifunza uhazili. Akaolewa na dereva wa lori aitwaye Zabron. Zabron alikwenda Tunduma siku moja na hakurudi. Hakufa. Hakurudi tu. Juliana hakulia mbele ya mtu, akaomba kazi kwenye chuo kikuu kimoja cha hapa Iringa, chuo nisichokitaja, wenyewe wanajijua. Akakaa hapo miaka ishirini na moja.

Mwanzoni aliwekwa masijala, kazi ya mafaili na vumbi. Halafu karatasi zikaisha, ukaja mfumo. Kwa sisi tusioujua, mfumo ni hivi. Mwanafunzi haoni matokeo yake, hasajili somo, wala haingii chumba cha mtihani mpaka kompyuta imtambue. Na kompyuta haimtambui mtu kwa sura. Inamtambua kwa jina na neno lake la siri. Akilisahau, pale chuoni si mtu tena, hata akisimama mlangoni na jasho likamtoka. Juliana aliwekwa kwenye dirisha dogo lenye nondo, kazi yake kuwarudisha watu kwenye majina yao. Aliwafungulia wanaoanza, aliwafungia wanaomaliza, na waliosahau aliwapa neno jipya.

"Shikamoo mama," anasema kijana.

"Marahaba. Umesahau?"

"Sijasahau, mama. Linakataa tu."

"Linakukataa wewe peke yako au na wenzako?"

"Mimi peke yangu."

"Basi umesahau. Lete kitambulisho. Na safari hii usiweke jina la mchumba, maana mkigombana unaniletea foleni."

Foleni nzima inacheka, na kijana naye anacheka kwa aibu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Walimu walimwita mama Juliana, wakubwa walimwita dada, na hakuna aliyewahi kumpita pale dirishani bila salamu. Maana dirisha lile lilikuwa na nguvu. Juliana aliweza kumpa neno jipya mtu yeyote wa chuo kile, kuanzia mtoto wa mwaka wa kwanza mpaka mwalimu mwenye udaktari. Nguvu hiyo hakuwahi kuitumia vibaya hata siku moja. Hilo nalisema na nikiulizwa kanisani nitalisema.

Ukutani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba neno la siri ni la mtu mmoja, asipewe mwingine. Chini ya karatasi hiyo hiyo watu walipeana maneno yao kama wanavyopeana chumvi. Mkuu wa kitengo chao, bwana Liberatus, mtu wa Kalenga, mrefu, mpole wa sauti, alikuwa akipiga simu kutoka safarini.

"Dada Juliana, niko Mbeya kwenye kikao. Ingia kwangu unipitishie yale maombi."

"Neno ni lile lile?"

"Lile lile la mwaka jana."

Juliana anaingia kwa jina la Liberatus, anapitisha, anatoka. Hakuna aliyeona ni kosa. Sisi huku mtu akipata la kumpata, mwenzake anamshikia nafasi. Ukifiwa, jirani anakuja kukukamulia ng'ombe, anakufungulia genge, anawapikia watoto wako. Ukirudi unakuta mambo yamekwenda. Huulizi ng'ombe kakamuliwa na mkono wa nani. Juliana alikulia humo, na dirisha la chuo aliliona kama genge lingine.

Basi mwaka jana, wiki ya usajili wa muhula wa pili, siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, simu yake iliita. Dada yangu Frida alikuwa amefariki. Alikwenda kuteka maji, akakaa chini, basi.

Juliana aliweka simu juu ya meza. Foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji huko nje. Akamaliza na mwanafunzi aliyekuwa mbele yake, akamwambia nenda kasajili, kisha akaenda ofisini kwa Liberatus.

"Bwana mkubwa, mama amefariki."

"Pole sana, dada. Nenda."

"Ruhusa inaombwa kwenye mfumo, na inachukua siku mbili kupita."

"Huo mfumo ndio utakaomzika mama? Nenda, dada. Tutaweka sawa ukirudi."

"Na dirisha? Usajili unafungwa kesho kutwa. Wasiosajili hawafanyi mtihani."

"Si Goodness yupo? Akushikie."

Goodness alikuwa katibu muhtasi wa chumba cha pili, msichana wa miaka ishirini na saba, ana mtoto wa kunyonya. Juliana akamwandikia neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi.

"Ukishalijua, chana."

"Nitachana, dada. Nenda kamzike mama."

Akapanda basi na sweta la kazini mwilini. Akashuka Rujewa, akachukua bodaboda, akafika Ubaruku jioni. Mimi nilikuwa nimetangulia. Tulimwosha Frida sisi wawili.

Tulizika Jumanne, saa nane mchana. Jua lilikuwa la Ubaruku, si hili la Kihesa la kubembeleza. Mzee Alawi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale jirani, alizima mashine yake. Mashine ile haizimwi mchana ila umeme ukikatika, kwa hiyo kimya chake kilisikika mpaka barabarani na watu wakawa wanasimama. Juliana akiwa kifungua mimba ndiye aliyeitwa kutia udongo wa kwanza. Alitia kwa mikono miwili. Katekista alimwambia inatosha, mama, na yeye akatia tena. Alhamisi matanga yakaondolewa, tukanyolewa nywele sote wawili kwa wembe mmoja. Ijumaa akarudi kazini na kitambaa kichwani. Wanafunzi wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamesajiliwa. Akamshukuru Goodness, akamletea mchele kilo tano wa Ubaruku, ule wenye harufu.

Wiki mbili zikapita. Ndipo mwalimu mmoja, Daktari Yotamu, mzee wa kufundisha hesabu za takwimu, alipofungua alama za darasa lake akaona watu wanne waliokuwa wamefeli kabisa, sasa wamefaulu vizuri. Yeye hakuwapa. Mafundi wa kompyuta wakafukua. Wakakuta kwamba Jumanne ile, saa nane na dakika kumi mchana, Juliana alikuwa kwenye dirisha lake, akampa Daktari Yotamu neno jipya la siri ambalo Daktari hakuliomba. Kwa neno hilo mtu akaingia kama Daktari, akapandisha alama, akatoka. Wanafunzi wale wanne waliitwa, kila mmoja akasema hajui kitu.

Saa nane na dakika kumi. Hapo Juliana alikuwa ana udongo kwenye kucha.

Alikwenda kwa Liberatus akiwa hana hofu. Alidhani ni jambo la maneno mawili.

"Bwana mkubwa, waambie nilikuwa msibani. Wewe ndiye uliyeniruhusu."

Liberatus aliinuka akafunga mlango. "Mimi nilikupa pole, dada. Ruhusa yako haipo kwenye mfumo."

"Ulisema Goodness anishikie."

"Akushikie dirisha. Sikusema akushikie jina."

Juliana alimtazama huyu mtu ambaye neno lake la siri alikuwa analijua kwa kichwa, mwaka wa sita sasa.

"Sikiliza, nikushauri kama ndugu," Liberatus akasema, akashusha sauti. "Ukisema hukuwepo, maana yake umegawa neno lako. Hilo ni kufukuzwa, wewe na Goodness wote. Lakini ukisema ulikuwepo, mambo ni mepesi. Mtu alipiga simu, akajiita Daktari Yotamu, sauti ya kizee, ukamwamini ukampa. Umetapeliwa. Kutapeliwa si kosa kubwa. Utapewa barua ya onyo, utaendelea na kazi."

"Niseme sikumzika mama yangu?"

"Hakuna anayekuuliza habari za mama. Wanakuuliza ulikuwa wapi saa nane."

Alirudi nyumbani hapa Kihesa, akanieleza, nami nikamwambia ukweli wangu: kazi ni kazi, Frida kaburini hatasoma barua zao. Nilimwambia hivyo. Naandika kwa sababu nilisema nitaandika yote.

Jumapili, baada ya misa, Goodness akaja na mtoto mgongoni. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Karibu."

"Dada, mimi sikufanya."

"Sijasema umefanya."

"Saa saba nilitoka kwenda kumnyonyesha, nikarudi saa tisa. Kompyuta niliiacha inawaka. Karatasi yako nilikuwa nimeiweka chini ya kibodi."

"Ulisema utaichana."

"Nilisema."

"Nani aliingia ukiwa hupo?"

"Mlango wetu unaujua, dada, haufungi. Ni wiki ya usajili. Aliingia chuo kizima."

Mtoto akaanza kulalamika. Goodness akamshusha, hakumnyonyesha, akawa anamtikisa tu magotini huku anamwangalia Juliana.

"Utanitaja?"

"Mpe mtoto ziwa," Juliana akasema. "Ana njaa."

Goodness alipoondoka nilimuuliza unamwamini? Akasema hajui. Na akasema kitu kimoja kilichonikaa: hata kama amefanya, mimi ndiye niliyemwachia.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi. Walikuwa watu saba kwenye meza ndefu, Liberatus akiwa mmoja wao. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, mstaarabu, alimkaribisha Juliana kwa heshima zote. Mimi tangu saa tatu nilikuwa nje kwenye benchi na mguu wangu huu mbovu, nimekuja kusema nilichokiona. Juliana amenieleza yaliyosemwa ndani neno kwa neno, na yeye si mtu wa kuongeza.

Asubuhi ile alitoka nyumbani akiwa amekata shauri kusema alikuwepo dirishani. Alikuwa ameyapanga maneno yote: simu iliita, sauti ya kizee, nikampa. Alikuwa ameyarudia njia nzima.

"Mama Juliana," mwenyekiti akauliza, "Jumanne ile, saa nane na dakika kumi mchana, ulikuwa wapi?"

Liberatus aliinamia karatasi zake.

"Nilikuwa Ubaruku," Juliana akasema. "Namzika mama yangu."

Anasema mdomo ulijisemea. Yale ya simu yalikataa kutoka.

"Una ruhusa ya maandishi?"

"Nilipewa ya mdomo na bwana Liberatus."

"Nilimpa pole, mwenyekiti," Liberatus akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Kama ambavyo ningempa mtu yeyote aliyefiwa."

"Mfumo unaonyesha uliingia saa mbili asubuhi, ukatoka saa kumi jioni."

"Lililoingia ni jina langu. Mimi nilikuwa Ubaruku."

"Nani alilitumia jina lako?"

Juliana akakaza fundo la kitambaa chake.

"Mama, tunakuuliza kwa faida yako."

"Huyo simtaji. Neno lilikuwa langu, nililitoa mimi."

"Basi unatupa kazi ngumu. Unasema wewe hukuwepo, na huyo aliyekuwepo humtaji. Sisi tuandike nani?"

Akawapa barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri. Wakaizungusha mezani. Mmoja akasema barua hii inathibitisha kwamba marehemu alizikwa, haisemi huyu mama alikuwepo. Juliana akavua kitambaa akawaonyesha kichwa, nywele ndiyo kwanza zinachipua. Wakatazama pembeni, kwa sababu ni watu wenye adabu. Kisha mmoja akasema, taratibu kabisa, "Nywele, mama, mtu ananyoa hata Kihesa."

Akasema mama yangu mdogo yuko nje, mwiteni. Wakasema ndugu hashuhudii ndugu. Kwa hiyo sikuitwa. Nilikaa pale mpaka mfagizi akaniomba ninyanyue miguu apitishe ufagio.

Wiki ya pili Juliana akamwaga unga. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema ameachishwa kazi kwa sababu mbili: kwanza, aliruhusu jina lake la kuingilia litumiwe na mtu mwingine. Pili, aliidanganya kamati kwamba alikuwa msibani Ubaruku wakati kumbukumbu zinaonyesha alikuwa kazini Iringa. Mimi wa darasa la tatu niliisoma mara moja nikaona sababu ya kwanza na ya pili haziwezi kulala kitanda kimoja. Kama alikuwepo, nani mwingine alitumia jina? Juliana aliwapelekea swali hilo. Ofisa mmoja akamjibu, "Ni lugha ya barua tu, mama. Barua zote zinaandikwa hivyo."

Wakamwambia anaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini. Rufaa inapelekwa kwenye mfumo, kwa jina la mhusika. Siku ya nne alikwenda chuoni akapanga foleni pamoja na wanafunzi. Kwenye dirisha alikuwa Goodness. Kiti wamempa yeye.

"Shikamoo, dada," Goodness akasema. Hakumwangalia usoni.

"Marahaba. Nifungulie nitume rufaa."

"Jina lako limefungwa, dada. Siwezi kulifungua bila kibali."

"Kibali cha nani?"

"Cha bwana Liberatus."

Mwanafunzi wa nyuma akauliza kuna tatizo gani huko mbele. Juliana akatoka kwenye foleni. Alirudi mara tatu nyingine. Mara ya kwanza Liberatus alikuwa safarini, mara ya pili alikuwa kikaoni, mara ya tatu alimpokea vizuri sana, akampa chai, akamwambia atalishughulikia. Siku thelathini zikaisha. Aliandika rufaa kwa mkono, akaipeleka masijala, pale pale alipoanzia kazi. Wakaipokea. Mpaka leo hajajibiwa. Aliyepandisha alama hajajulikana. Wanafunzi wale wanne walifukuzwa, na mmoja wao, binti wa Mbeya, alikuja hapa Kihesa kumwomba Juliana amsaidie kueleza kwamba hakuhusika. Walikaa wote wawili kwenye kibaraza, halafu binti akaondoka.

Sasa Juliana yuko Ubaruku, kwenye nyumba ya mama yake. Anapandikiza mpunga kwenye majaruba ya watu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na mgongo umeanza. Kazi ya chuo haiongelei tena. Nilipokwenda kumwona mwezi wa pili nilimkuta kakonda, kapauka, lakini hilo la kazi kalimeza. Ambalo hajalimeza ni lile jambo la pili la barua, kwamba hakuwepo msibani. Mwanamke mmoja pale kwenye mashine ya mzee Alawi alimtania, akasema, "Juliana, kumbe kwenye makaratasi ya Iringa tulimzika Frida peke yetu." Wenzake wakacheka, kwa kuwa ni utani wa watani na msiba umeshapoa. Yeye hakucheka. Alibeba ungo wake akaenda nyumbani na pumba zote hakuzipepeta. Tangu siku hiyo hapiti njia ile ya makaburini. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Nikifika pale najaribu kujiona siku ile, mama mdogo, na naona dirisha."

Sina la kumponya. Nilimwambia nilikuwepo, nilikuona, mikono miwili. Akasema, wewe ni ndugu.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, nina kazi na wewe. Kama Jumanne ile ulikuwa Ubaruku, ukachimba, ukabeba, ukapika, au ulipita tu na baiskeli ukasimama kwa heshima ya maiti, na kama wewe si ndugu yetu, chukua karatasi. Andika ulimwona nani akitia udongo wa kwanza, na alikuwa amevaa sweta la rangi gani. Usiniulize mimi rangi, andika uliyoiona. Tia jina lako kamili, tia sahihi, na kama hujui kuandika tia dole gumba. Uipeleke chuoni kwa mkono wako, usiitume na mtu, na usiondoke mpaka wakugongee mhuri kwamba wamepokea. Najua hawatamrudisha kazini. Peleka hivyo hivyo. Na kama siku hiyo hukuwepo, mtafute aliyekuwepo, umsomee hii yote, halafu umkabidhi kalamu.